Maisha ya Nabii Hosea, Aliyelipa Mahari Mara Mbili

Hosea mwana wa Beeri alikuwa mtu wa Israeli ya kaskazini, akaanza kazi ya unabii kadiri ya mwaka 750 kabla ya kuzaliwa kwa Kristu. Jina lake maana yake ni wokovu, nalo latoka katika shina lile lile lililozaa jina la Yoshua na jina takatifu la Yezu. Maandiko hayataji kijiji chake wala kazi ya mikono yake. Lakini mtu hujulikana kwa mifano anayoitumia. Hosea husema juu ya tanuru ya mwoka mikate, juu ya mtamba aliyezoea kupura nafaka, juu ya magugu ya sumu yaotayo katika matuta ya shamba, juu ya wavu uliotandwa mlimani Tabori, juu ya umande utowekao jua likipanda. Hayo ni maneno ya mtu anayelijua shamba, na anayejua pia njaa inavyoingia nyumbani mvua ikikawia.

Siku zile taifa la Israeli lilikuwa limegawanyika. Tangu kufa kwake mfalme Solomoni, kadiri ya mwaka 930, kabila za kaskazini zilikuwa na mfalme wao, na mji wao mkuu ulikuwa Samaria. Hosea alipokuwa kijana alitawala Yeroboamu wa pili, naye alikaa juu ya kiti chake miaka 41. Nchi ilikuwa na amani, na wakubwa walitajirika. Waliochimba magofu ya Samaria katika miaka ya 1908 hata 1910, na tena katika miaka ya 1931 hata 1935, walifukua vipande vingi vya pembe za ndovu vilivyochongwa kwa ufundi, mapambo ya vyombo vya nyumba za wakuu. Walifukua pia vigae vya vyungu vilivyoandikwa kwa wino hesabu za divai na mafuta. Katika vigae hivyo yamo majina ya watu: mmoja anaitwa kwa jina la Bwana Mungu wa Israeli, na mwingine anaitwa kwa jina la Baali. Hesabu ni moja, na nchi ni moja, lakini majina ya miungu ni mawili. Huo ndio ugonjwa ambao Hosea alitumwa kuutibu.

Baali alikuwa nani? Mwaka 1929 huko Ugariti, katika pwani ya Siria, vilianza kufukuliwa vibao vya udongo vyenye hadithi za Wakanaani, na kwa hivyo yajulikana vizuri kuliko zamani. Wakanaani walimwabudu Baali kama mwenye mvua na radi. Akifa yeye nchi hukauka, akifufuka nchi hupata majani. Waisraeli walikuwa wametoka jangwani, wakajifunza kulima kwa watu hao. Pamoja na jembe wakapokea na ibada. Hawakumkana Bwana hata kidogo! Siku za sikukuu walikwenda Beteli na ng’ombe zao za sadaka. Lakini wakati wa kupanda ulipofika, walipanda vilima vyenye miti ya kivuli kizuri, wakafukiza ubani kwa Baali, na wanaume wakajitenga huko na makahaba wa ibada. Walidhani ni busara. Bwana alikuwa Mungu wa vita na wa safari, Baali alikuwa wa mahindo, na mtu mwerevu angewaridhisha wote wawili. Mshika mawili moja humponyoka. Lakini watu hawa hawakuona bado ni lipi lililowaponyoka.

Ndipo neno la Bwana lilipomjia Hosea, nalo lilikuwa neno gumu. Nabii Amosi, aliyehubiri kaskazini muda mfupi kabla yake, alikuwa ameagizwa kusema. Hosea aliagizwa kuoa. Naye hakuagizwa kumwoa binti mwenye sifa njema kijijini, bali mwanamke wa ukahaba, ili nyumba yake iwe mfano wa nchi nzima iliyomwacha Bwana. Basi akaenda, akamtwaa Gomeri binti Diblaimu.

Lazima kufahamu ndoa ilivyofungwa katika Israeli. Kijana au baba yake alikwenda kwa baba wa binti, wakapatana juu ya mahari. Mahari yakiisha kutolewa, binti alikuwa ameposwa, naye alihesabiwa kuwa mke wa mtu hata kama alikuwa bado analala kwa wazazi wake. Akizini katika muda huo, sheria ilimhukumu kama mke aliyezini. Baadaye ndipo siku ya kuchukuliwa ilipofika, bwana arusi akaja na rafiki zake, akampeleka bibi arusi nyumbani kwake, wakafanya karamu. Kwa hiyo palikuwa na hatua mbili: kwanza kuposwa, halafu kuchukuliwa. Wasomaji waziweke hatua hizo mbili moyoni, kwa maana zitarudi baadaye.

Gomeri akachukua mimba, akamzalia Hosea mtoto mwanamume. Bwana akaagiza aitwe Yezreeli. Hilo lilikuwa jina la bonde ambapo Yehu, babu wa wafalme wale, aliwaua watu wote wa nyumba ya Ahabu ili atawale yeye. Damu ile ilikuwa haijasahauliwa mbinguni. Kisha Gomeri akazaa binti, naye akaitwa Lo-Ruhama, yaani Asiyehurumiwa. Alipomwachisha ziwa, akazaa mtoto mwanamume tena, akaitwa Lo-Ami, yaani Si Watu Wangu. Msomaji makini ataona jambo moja katika maandiko hayo: juu ya mtoto wa kwanza imeandikwa kwamba Gomeri alimzalia Hosea, juu ya wa pili na wa tatu imeandikwa tu kwamba alizaa. Kitabu hakisemi zaidi, lakini katika kijiji watu husema. Na kila jioni, mtoto alipoitwa arudi nyumbani kula, majirani walisikia hukumu ya nchi yao ikitajwa kwa sauti njiani. Mahubiri ya nabii huyu yalitembea kwa miguu midogo, yakicheza na watoto wa wengine.

Gomeri hakukaa. Akaondoka, akawafuata wapenzi. Katika sura ya pili ya kitabu, habari za nyumba na habari za taifa zimesukwa pamoja kama nyuzi mbili za mkeka, na mara nyingi haiwezekani kusema ni Hosea anayelalamika juu ya mkewe au ni Bwana anayelalamika juu ya Israeli. Mke yule alidhani kwamba mkate wake na maji yake, sufu yake na kitani yake, mafuta yake na kinywaji chake, vyote vilitoka kwa wapenzi. Kumbe mwenye kuvitoa alikuwa mume wake siku zote. Hilo ndilo lililomchoma mume kuliko yote: mali yake mwenyewe, fedha na dhahabu aliyompa, ikapelekwa kuwa mapambo ya Baali. Maneno yaliyomo humo ni ya hasira kali. Mume anatishia kuziba njia ya mke kwa miiba, kumnyang’anya nguo na chakula, kumwaibisha mbele ya hao waliompenda. Asifikiri mtu kwamba Hosea alikuwa mpole wa tabia asiyejua kukasirika. Alikuwa mume aliyeibiwa, na kitabu chake hakimfichi.

Torati ilimpa njia mbili zilizo wazi. Mke mwenye kuzini, pamoja na mwanamume aliyezini naye, walistahili kuuawa. Au mume aliweza kumwandikia hati ya talaka, akamtoa nyumbani mwake. Tena, katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati iko sheria kwamba mke aliyeachwa, akiisha kuwa wa mtu mwingine, mume wa kwanza asimrudie kamwe. Ndugu wote wa Hosea wangemsifu kwa kumaliza jambo hili upesi.

Lakini neno la Bwana likamjia mara ya pili. Akaambiwa aende ampende mwanamke anayependwa na mwingine, mwanamke mzinzi, kama vile Bwana anavyowapenda wana wa Israeli, ingawa wao wanageukia miungu mingine na kupenda mikate ya zabibu ya sikukuu zao. Jina la mwanamke huyu halikuandikwa, lakini wafafanuzi wengi wanakubali kwamba ndiye Gomeri, na maana yote ya habari yadai hivyo. Neno la agizo lastahili kuangaliwa. Hosea hakuambiwa amsamehe tu, wala amrudishe tu kwa ajili ya watoto wapate wa kuwapikia. Aliambiwa ampende.

Mwanamke alikuwa mikononi mwa mwingine, na hakupatikana bure. Basi Hosea akamnunua. Bei imeandikwa wazi: shekeli 15 za fedha, na homeri moja na nusu ya shayiri. Shekeli ilikuwa na uzito wa gramu kama 11. Kwa hiyo fedha yote haikujaza kiganja. Homeri ni kadiri ya mzigo wa punda, na shayiri ni nafaka ya maskini, waliyokula wale wasioweza kununua ngano. Yaonekana kama fedha ya nyumba haikutosha, hata nabii akafungua ghala yake. Wafafanuzi wengi wamehesabu thamani ya fedha na shayiri pamoja, wakaona inafika shekeli 30. Hiyo ilikuwa malipo ya mtumwa kadiri ya kitabu cha Kutoka: ng’ombe wa mtu akimpiga mtumwa pembe akafa, mwenye ng’ombe alilipa shekeli 30. Wakristu hawawezi kuisoma hesabu hiyo bila kukumbuka vipande 30 vya fedha ambavyo Yuda alipewa na makuhani wakuu.

Fikiri basi mtu huyu njiani, punda wake amebebeshwa shayiri, anakwenda kumlipia mke ambaye alikuwa amekwisha kumlipia. Mahari ya kwanza aliyatoa kwa baba mkwe, kwa heshima, mbele ya wazee. Haya ya pili aliyatoa kwa mtu asiyestahili kupewa kitu. Wako waliomwona mjinga, bila shaka. Na kwa kweli, kama ndoa ni biashara tu ya mali na watoto, Hosea alifanya biashara mbaya.

Hapakufanyika karamu. Hosea akamwagiza mkewe akae naye siku nyingi, asifanye ukahaba, wala asiwe wa mwanamume yeyote. Na yeye mwenyewe angekaa vivyo hivyo kwa ajili yake. Wakaanza tena, kama wachumba. Nyumba moja, na subira pande zote mbili. Hosea akaeleza kwamba ndivyo Israeli watakavyokaa siku nyingi bila mfalme na bila sadaka, mpaka watakapomtafuta tena Bwana. Kama moyo wa Gomeri uligeuka, haikuandikwa. Kitabu kinamwacha hapo, ndani ya nyumba ya mumewe, akingojewa.

Katika nyumba hiyo ya kungojea ndimo yalimotoka maneno yaliyo mazuri kuliko yote ya Hosea. Alifundisha kwamba Bwana atamvuta Israeli mpaka jangwani, mahali walipopendana kwanza baada ya kutoka Misri, aseme naye moyoni mwake. Jangwani hakuna Baali, wala shamba, wala kitu cha kumpenda Bwana kwa ajili yake. Kuna Bwana tu. Hapo atamposa tena, na safari hii kwa milele. Na mposaji hutoa mahari. Hosea akayataja mahari ya Mungu: uadilifu, hukumu ya haki, fadhili, huruma na uaminifu. Katika lugha ya Waebrania neno lililotumika kwa kila moja ya hayo ni lile lile linalotumika juu ya bei ya kuposa, kama Daudi aliposema kwa bei gani alimposa Mikali binti Sauli. Kwa hiyo hayo matano si sifa tu za ndoa hiyo. Ndiyo mali anayoileta bwana arusi mkononi. Bibi arusi hakuwa nayo, na asingeweza kuyapata kwingine.

Tena akasema kwamba siku ile Israeli hatamwita Mungu tena Baali wangu, bali mume wangu. Wasemao Kiswahili wanaweza kulielewa jambo hili kuliko mataifa mengine. Kwa Kiebrania neno baali lilikuwa jina la mungu wa Wakanaani, lakini pia lilikuwa neno la kawaida la bwana: bwana wa shamba, bwana wa ng’ombe, bwana wa mke. Vivyo hivyo mtumwa husema bwana wangu, na mke naye husema bwana wangu. Hosea alilitaka neno lingine, neno la mume aliye mwenzi. Aliona kwamba watu waweza kumwabudu Mungu wa kweli kwa moyo ule ule wa kumwabudu Baali, yaani kumtolea ili atoe, na kumwogopa kama mtumwa amwogopavyo mwenye mali. Ibada ya namna hiyo, hata ikifanyika katika nyumba ya Bwana, aliihesabu kuwa uzinzi.

Habari za nchi zaweza kusemwa kwa kifupi. Yeroboamu alipokufa, wafalme sita walifuatana katika miaka kama 25, na wanne kati yao waliuawa na waliotaka kiti chao. Menahemu alilipa talanta elfu za fedha kwa mfalme wa Asiria, akawatoza matajiri shekeli 50 kila mtu. Wengine walituma wajumbe Misri. Hosea aliwafananisha na njiwa asiye na akili, mara huku mara kule, na tena na mkate usiogeuzwa motoni, umeungua upande mmoja na mbichi upande wa pili. Yeye alihesabu na mapatano hayo kuwa ni kutafuta wapenzi. Mwaka 722 kabla ya Kristu, baada ya kuzungukwa miaka mitatu, Samaria ilianguka. Mfalme Sargoni wa Asiria aliandika katika kumbukumbu zake kwamba aliwachukua watu zaidi ya 27,000. Wakapelekwa mbali, na watu wa mataifa mengine wakaletwa kukaa mahali pao.

Maneno ya nabii yaliokoka. Yalifika Yuda, ufalme wa kusini, yakahifadhiwa huko; hata mwanzo wa kitabu wataja majina ya wafalme wanne wa Yuda mbele ya jina la Yeroboamu. Kadiri ya miaka mia baadaye Yeremia alitumia mfano ule ule wa mke aliyeacha ujana wake, akaitaja waziwazi ile sheria ya mke aliyeachwa, ili aonyeshe kwamba Mungu yu tayari kufanya ambalo mume wa dunia amekatazwa. Ezekieli naye akautumia, na sura za mwisho za kitabu cha Isaya pia. Katika vitabu vilivyopo, Hosea ndiye nabii wa kwanza aliyelieleza agano la Sinai kama ndoa. Waliomfuata walipita katika njia aliyoikata yeye, naye aliikata kwa machozi ya nyumba yake.

Katika Injili njia hiyo yafika mahali pake. Bwana Yezu aliwatuma Mafarisayo waende wajifunze maana ya neno la Hosea, kwamba Mungu ataka huruma kuliko sadaka. Na siku ile alikuwa ameketi mezani na watoza ushuru katika nyumba ya Mateo. Alijiita mwenyewe bwana arusi, na Yoane Mbatizaji alijiita rafiki yake tu. Mtume Paulo alipowaandikia Warumi juu ya wapagani wanaoitwa kuwa wana wa Mungu, aliwatolea ushahidi wa majina ya watoto wa Gomeri yaliyogeuzwa: asiyehurumiwa amehurumiwa, na wasio watu wangu wameitwa watu wangu. Petro naye aliwakumbusha neno hilo hilo Wakristu waliotawanyika katika Asia Ndogo. Wale watoto waliochekwa njiani, majina yao yamekuwa majina ya wabatizwa wote.

Na zile hatua mbili za ndoa? Paulo aliwaambia Wakorinto kwamba amewaposa kwa mume mmoja, yaani Kristu. Mahari yamekwisha kutolewa msalabani, tena si kwa fedha wala kwa shayiri. Lakini siku ya kuchukuliwa haijafika, na kwa sababu hiyo Kanisa hukaa kama wale mabikira wenye taa, na kama mke wa Hosea katika nyumba ile: ni wa mumewe kweli, na bado anangoja. Mtakatifu Yoane, mwishoni mwa Ufunuo, aliiona karamu ya arusi ya Mwana-Kondoo, na mji mtakatifu ukishuka kutoka mbinguni umepambwa kama bibi arusi. Mavazi yake ya kitani safi alikuwa amepewa. Hakuja nayo kutoka kwao.

Kanisa linamtaja Hosea kati ya watakatifu, na kumbukumbu yake katika kitabu cha mashahidi cha Roma ni tarehe 17 Oktoba. Wayahudi nao hawajamsahau. Kila asubuhi ya siku za kazi, mwanamume Myahudi anayeshika sheria hujifunga kanda za ngozi za sala katika mkono wake, na mwisho huuzungusha ukanda mara tatu katika kidole cha kati, kama pete. Anapouzungusha, husema maneno ya kuposwa aliyoyaandika mume wa Gomeri.